Marion Ladewig na Historia ya Mwanamke Katika Mchezo wa Bolingi

Michezo ni sehemu ya utamaduni wa kila taifa, kama zilivyo ngoma, nyimbo na hadithi. Katika michezo watu huonyesha ustadi wao, hufundishana nidhamu, na hukutana baada ya kazi za mchana. Lakini michezo hufichua pia mambo ambayo wenyewe huenda wasipende yaonekane: nani ameruhusiwa kuingia uwanjani, nani amewekwa nje, na nani hulipwa kwa jasho lake. Kwa hiyo mtu atakaye kuijua jamii fulani hakosei akianza na mchezo mmoja tu wa jamii hiyo, akauliza maswali hayo matatu.

Katika makala haya tutautazama mchezo wa bolingi ya pini kumi kama ulivyochezwa nchini Marekani katika karne ya 20, na hasa maisha ya mwanamke aliyeufanya kuwa kazi yake, Marion Ladewig wa mji wa Grand Rapids, jimbo la Michigan. Mchezo huu haukuenea sana katika nchi zetu, na wanafunzi wengi huenda hawajauona. Hata hivyo swali lililomo ndani yake si geni kwetu. Je, mwanamke mwenye kipaji atosheke na sifa, au kipaji chake kiwe pia riziki yake? Wahenga walisema, chanda chema huvikwa pete. Ni kweli, lakini chanda hakijivishi pete. Lazima apatikane wa kuifua, na wa kuivisha. Historia ya Marion Ladewig ni historia ya chanda, na vile vile ni historia ya pete.

Mchezo wenyewe

Kabla ya kuendelea, yafaa tueleze mchezo huu kwa ufupi. Bolingi huchezwa ndani ya ukumbi, juu ya njia nyembamba ya mbao iliyolainishwa na kupakwa mafuta. Urefu wa njia hiyo, kutoka mstari ambao mchezaji haruhusiwi kuuvuka hadi pini ya kwanza, ni futi 60, yaani mita 18 na kidogo. Upana wake wapita mita 1 kwa sentimita chache tu. Mwisho wa njia husimamishwa pini 10, kila moja ikiwa na kimo cha sentimita 38. Pini hizo hupangwa kwa umbo la pembetatu ambayo ncha yake yamwelekea mchezaji. Mchezaji hutia vidole katika matundu ya tufe zito, ambalo kwa sheria halipaswi kuzidi ratili 16, yaani kilo 7 na robo hivi. Hupiga hatua chache, kisha hulibingirisha tufe hilo kuzielekea pini.

Mchezo mmoja una zamu 10, na katika kila zamu mchezaji ana mitupo miwili ya kuziangusha pini zote. Akiziangusha zote kwa mtupo wa kwanza, huongezewa hesabu ya mitupo miwili inayofuata. Mwenye kufanya hivyo mara 12 mfululizo hupata pointi 300, ambazo ndizo kikomo cha mchezo.

Asiyeujua mchezo huu hudhani kuwa ni mchezo wa nguvu. Sivyo. Tufe lililorushwa kwa nguvu na kuigonga pini ya mbele katikati mara nyingi hupenya na kuacha pini zimesimama huku na huku. Lile lililoingia kwa pembe ya haki, kando kidogo ya pini ya mbele, huangusha pini moja, nayo hiyo ikaangusha nyingine, hadi zote kumi zikalala. Kinachotakiwa basi ni hatua zisizobadilika, mkono mtulivu, na jicho linaloweza kusoma jinsi mafuta ya njia yanavyolipeleka tufe. Tena jambo kubwa la kuzingatia ni hili: pini hazimjui mrushaji. Haziulizi kama ni mwanamume au mwanamke, mweupe au mweusi, tajiri au maskini. Hesabu ya mchezo ni moja kwa wote. Ubaguzi uliotokea katika mchezo huu haukutoka kwenye pini. Ulitoka kwa watu.

Milango iliyofungwa

Michezo ya kuangusha pini ilipelekwa Marekani na wahamiaji kutoka Ulaya, hasa Wadachi na Wajerumani. Tarehe 9 Septemba 1895 kikaundwa mjini New York chama cha American Bowling Congress, ambacho kilisanifisha sheria na vipimo vya mchezo kwa nchi nzima. Chama hicho kilikuwa cha wanaume. Kumbi nyingi za wakati huo zilikuwa kando ya vilabu vya pombe, na mwanamke mwenye kuchunga jina lake hakutarajiwa kuonekana humo.

Hata hivyo wanawake walicheza. Mwaka 1916 wanawake 40 walikutana katika mji wa St. Louis, wakaunda chama chao wenyewe, ambacho baadaye kiliitwa Women's International Bowling Congress. Mmoja wa waliofanya juhudi kubwa ya kuwakusanya alikuwa Ellen Kelly, mkazi wa mji huo. Chama hicho kilichoanza na watu wasiozidi darasa moja la shule kilikua hata kikawa na wanachama wanaohesabika kwa mamilioni.

Lakini mwaka huo huo wa 1916, chama cha wanaume kiliandika katika kanuni zake kwamba wanachama wake watakuwa wanaume weupe peke yao. Chama cha wanawake nacho kikafuata njia hiyo ya ubaguzi wa rangi. Kwa zaidi ya miaka 30 Wamarekani Weusi walizuiwa kuingia katika mashindano makuu ya mchezo ambao walikuwa wakiucheza kwa ustadi. Hawakukaa kulia. Mwaka 1939 waliunda mjini Detroit chama chao wenyewe, National Negro Bowling Association, ambacho mwaka 1944 kiliitwa National Bowling Association. Vyama vya wafanyakazi, hasa vile vya viwanda vya magari, vilishika bendera ya kudai haki, na mwaka 1950 kanuni ile ya aibu ikafutwa. Tunayataja haya mapema kwa sababu haitakuwa haki kusimulia ushindi wa yeyote katika mchezo huu bila kuwakumbuka ambao hawakupewa hata nafasi ya kushindwa.

Mafunzo ya Grand Rapids

Marion Van Oosten, ambaye tunamjua kwa jina la ndoa la Ladewig, alizaliwa Grand Rapids tarehe 30 Oktoba 1914. Mji huo ulijulikana Marekani nzima kwa mafundi wake wa samani, na wakazi wake wengi walikuwa wa asili ya Kidachi. Katika ujana wake alicheza softiboli, mchezo unaofanana na besiboli, na mkono wake ulisifiwa kwa kurusha. Alikuwa na umri wa miaka 22 alipojaribu bolingi kwa mara ya kwanza. Katika mchezo wake wa kwanza alipata pointi 84, hesabu ambayo mwanafunzi yeyote aweza kuipata siku anapoanza.

Aliyemwingiza katika mchezo huo alikuwa William Morrissey, mwenye ukumbi wa bolingi ulioitwa Fanatorium. Morrissey alimwajiri ukumbini kama karani wa fedha, akawa mwalimu wake pia. Hapa pana jambo la kutuliza mawazo. Mtu apendaye kusimulia habari za mashujaa angesema kwamba Ladewig alizaliwa na kipaji, basi yakaisha. Lakini kipaji kile kilikuwako tangu utotoni, na hadi miaka 22 hakikuzaa kitu katika bolingi. Kilizaa alipopata mahali pa kufanyia mazoezi, mtu wa kumfundisha, na ajira iliyomwezesha kukaa mahali hapo kutwa nzima. Alifanya mazoezi kila siku, mwaka baada ya mwaka, wakati wa joto na wakati wa theluji. Papo kwa papo kamba hukata jiwe.

Alifundishwa pia kutegemea usahihi badala ya nguvu, na kutozidiwa na hamaki. Wachezaji waliomwona walisema habari ya utulivu wake: alipopatia na alipokosea uso wake ulikuwa ule ule.

Siku moja ya mwaka 1951

Mwaka 1949 chama cha wenye kumbi za bolingi kilianzisha daraja la wanawake katika mashindano yake ya kitaifa yaliyoitwa All-Star, ambayo kwa wanaume yalikuwako tangu 1941. Ladewig alishinda mashindano hayo ya kwanza, na hakuishia hapo. Aliyashinda mara 8 kwa jumla: mwaka 1949, 1950, 1951, 1952, 1954, 1956, 1959 na 1963. Waandishi wa habari za mchezo huo walimchagua kuwa mchezaji bora wa kike wa mwaka mara 9, kati ya 1950 na 1963.

Ushindi uliotajwa kuliko wote ni ule wa mwaka 1951. Siku moja ya mashindano hayo alicheza michezo 8, akapata pointi 255, 279, 247, 227, 247, 224, 247 na 255. Mwalimu aweza kuwapa wanafunzi wake hesabu hiyo waijumlishe. Watapata 1,981, yaani wastani unaokaribia 248 kwa kila mchezo. Na wazitazame tena namba zenyewe: ule mchezo wake mbaya kuliko yote ulikuwa na pointi 224, ambazo wachezaji wengi wangefurahi kuzipata siku yao njema. Siku ile hapakuwa na mchezaji mwingine yeyote, mwanamke wala mwanamume, aliyefikia jumla hiyo.

Tulie hapo kidogo. Wanaume na wanawake walikuwa ukumbini mmoja, pini zilikuwa za kipimo kimoja, na hesabu ilikuwa moja. Lakini madaraja yalikuwa mawili, na taji lake lilibaki kuwa taji la wanawake, pamoja na zawadi ya wanawake, ambazo kwa kawaida zilikuwa ndogo kuliko za wanaume. Namba zilikuwa zimekwisha kusema neno lao. Taratibu za watu zilikuwa bado hazijalisikia.

Kuifua pete

Miaka ya 1950 ilikuwa miaka ya neema kwa bolingi. Zamani pini zilisimamishwa kwa mikono na vijana waliojikunja nyuma ya njia, wakilipwa fedha kidogo na kukwepa matufe na pini zilizorukaruka. Mwaka 1946 mashine ya kupanga pini ilionyeshwa hadharani katika mji wa Buffalo, na katika miaka iliyofuata ikaenea. Kumbi zikaweza kuwa kubwa na kufunguliwa saa nyingi zaidi. Zikahamia pia vitongojini walikoishi watu wenye familia. Baadhi yao ziliweka vyumba vya kulelea watoto ili akina mama wacheze mchana. Televisheni nayo ikaupeleka mchezo majumbani. Klabu ya pombe iligeuka kuwa mahali pa jamii, na mwanamke akapata haki ya kuingia bila kutazamwa kwa jicho baya.

Wanaume waliutumia wakati huo vizuri. Mwaka 1958 waliunda chama cha wachezaji wa kulipwa. Wanawake nao walijua kwamba taji moja kwa mwaka halimlishi mtu. Mwaka 1959, Georgia Veatch wa Chicago akiwa mstari wa mbele na Ladewig akiwa miongoni mwa waasisi, waliunda chama cha wachezaji wanawake wa kulipwa, na mwaka 1960 mashindano yake yakaanza huko Florida. Mshindi wa kwanza alikuwa Marion Ladewig mwenyewe. Alikuwa na umri wa miaka 45, naye ameshakuwa bibi mwenye wajukuu.

Kwa maoni yangu tendo hili ndilo kubwa kuliko mataji yake yote. Ladewig hakuhitaji chama ili ajulikane. Jina lake lilikuwa limekwisha kuenea. Kampuni ya Brunswick, itengenezayo vifaa vya bolingi, ilikuwa imemweka katika kundi la washauri wake, na kwa miaka mingi alisafiri akifundisha watu mchezo huo. Angeweza kula matunda yake na kunyamaza. Lakini chama hakikuwa kwa ajili ya yule aliyekwisha kufika. Kilikuwa kwa ajili ya msichana ambaye bado anapata pointi 84. Mkono mmoja haulei mwana, na mkono mmoja, hata uwe wa bingwa, haujengi kazi ya kudumu kwa wengine.

Matunda yake hayakukawia kuonekana. Mwaka 1964 Louise Fulton alishinda mashindano ya Princeton Open huko New Jersey, akawa mwanamke Mweusi wa kwanza kupata taji la bolingi ya kulipwa. Yalikuwa yamepita miaka 14 tu tangu kanuni ya ubaguzi wa rangi ilipofutwa. Kama kusingekuwa na chama na mashindano yake, Fulton angeupata wapi ushindi huo?

Ladewig alishinda All-Star kwa mara ya mwisho mwaka 1963, akiwa na miaka 48. Mwaka 1964 aliingizwa katika orodha ya watukufu ya chama cha wanawake, na mwaka 1965 akastaafu mashindano. Mwaka 1973 alipigiwa kura ya kuwa mchezaji mwanamke bora wa nyakati zote, na mwaka 1984 aliingizwa katika orodha ya kimataifa ya wanawake mashuhuri wa michezo.

Pete iliyovunjika na kufuliwa upya

Msomaji asidhani kwamba kilichojengwa mara moja kimejengwa milele. Mwaka 1974 wachezaji wanawake waligawanyika, wengine wakaanzisha chama kingine. Mwaka 1978 wakaungana tena. Mwaka 1981 chama chao kikavunjika na mpango mwingine wa mashindano ukaanza. Hatimaye, mwaka 2003, mashindano ya wanawake wa kulipwa yalikoma kwa kukosa fedha. Hayakukoma kwa sababu wanawake walikuwa wamesahau kucheza. Mikono ilikuwa ile ile, na pini zilikuwa zile zile. Kilichokosekana ni taasisi.

Miongoni mwa walioachwa bila kazi alikuwa Kelly Kulick wa New Jersey, ambaye mwaka ule ule wa 2003 alikuwa ameshinda ubingwa wa wazi wa Marekani kwa wanawake. Alirudi kufanya kazi katika gereji ya baba yake ya kutengeneza bodi za magari, huku akiendelea na mazoezi. Mwaka 2006 alishindana na wanaume katika majaribio, akawa mwanamke wa kwanza kupata nafasi ya msimu mzima katika mashindano ya wanaume wa kulipwa. Msimu huo ulikuwa mgumu na nafasi hiyo ikampotea. Mwaka 2009 alishinda ubingwa wa dunia wa wanawake uliotayarishwa na chama cha wanaume, na ushindi huo ukampa tiketi ya kuingia katika mashindano ya mabingwa.

Tarehe 24 Januari 2010, huko Las Vegas, Kulick alikutana na Chris Barnes, mmoja wa wachezaji hodari wa zama zake, katika fainali ya mashindano hayo. Alimshinda kwa pointi 265 kwa 195. Safari hii hapakuwa na madaraja mawili. Taji lilikuwa moja, na zawadi ya dola 40,000 ilikuwa moja, na vyote viwili vilichukuliwa na mwanamke. Lile neno ambalo namba zilikuwa zimelisema mwaka 1951, taratibu za watu zililisikia baada ya miaka 59.

Marion Ladewig alikuwa bado hai. Alifariki tarehe 16 Aprili 2010, chini ya miezi mitatu baada ya ushindi huo, akiwa na umri wa miaka 95. Na mwaka 2015 mashindano ya wanawake wa kulipwa yakafufuliwa.

Hitimisho

Tukiyakusanya haya, tunapata mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba kipaji hakitoshi. Nyuma ya zile pointi 1,981 palikuwa na ukumbi, mwalimu, ajira, na miaka ya mazoezi ya kila siku. Tunapowaona wasichana shuleni wakicheza netiboli au wakikimbia kwa mbio zinazotushangaza, tusiishie kupiga makofi. Tuwaulize wanafanyia mazoezi wapi, nani anawafundisha, na wakimaliza shule mchezo huo utawapeleka wapi.

La pili ni kwamba chama ni urithi unaohitaji kutunzwa. Wanawake 40 wa St. Louis walijenga, waasisi wa mwaka 1959 wakaongeza, na kilichojengwa kikaporomoka mwaka 2003 ikabidi kianzwe upya. Tena chama kinaweza kuifungua milango au kuifunga, kama kilivyowafungia Weusi hadi mwaka 1950. Kwa hiyo haitoshi kuwa na chama. Sharti kiwe cha haki.

Vyanda vyema havikosekani katika nchi yoyote. Kazi iliyo juu ya wazee, walimu na viongozi ni kuhakikisha kwamba pete ipo, na kwamba inamtosha kila mwenye kustahili kuivaa.